Aloys Mushagalusa, Aliyekataa Kugeuza Filme ya Wageni wa Juu

Ndugu, wakwe, majirani wa Kadutu: mimi ni Godelive, dada mudogo wa marehemu. Nimeombwa nisome maisha yake na nisikasirishe mutu. Kusoma nitasoma.

Aloys Mushagalusa alizaliwa kijijini Miti tarehe 14 Machi 1934, mutoto wa kwanza wa papa Edouard na maman Agathe. Mwaka 1972, Serikali ilipokataza majina ya Kikristo, waliliondoa jina la Aloys kwenye kitambulisho chake. Kwenye musalaba wake nimelirudisha, na yule asiyelipenda aje alifute mwenyewe.

Alisoma miaka sita kwa mapadri, akashika Kifaransa kuliko wenzake wote. Papa alipokufa, aliacha shule akaenda kuchuma chai ili mimi niendelee. Kama leo ninajua kusoma karatasi hii, ni kwa sababu yake.

Tarehe 6 Agosti 1960 alifunga ndoa na Georgette. Padri alihubiri kwa Kifaransa, na bwana arusi akageuka nyuma akawafasiria wazee wa Miti, akaongeza ahadi yenye padri hakuisema: kwamba muke wake hatachota maji peke yake. Georgette alicheka palepale kanisani. Ahadi hiyo Aloys aliishika miaka kumi na minane.

Tangu 1961 alifanya kazi ya sinema katika sale moja, ukumbi wa hapa Kadutu. Filme zilikuja kwa Kifaransa, naye alisimama karibu ya shuka nyeupe ya picha, akisema kwa Kiswahili maneno ya kila mutu. Na alikuwa anadanganya, tuseme ukweli. Wezi wa farasi aliwapa majina ya wakwe zake. Mufalme mumoja wa Ulaya alimufanya aitishe bugali na sombe ya majani ya muhogo. Mulikuwa munajua, na mulikuja kwa sababu hiyo.

Jumamosi tarehe 3 Juni 1978 alionyesha filme ya zamani ya watu waliotoka kwenye nyota. Walishuka katika shamba la maharagwe, wakakaa chini siku nne karibu ya chombo chao, mikono wazi, wakiomba maji kwa ishara. Waaskari waliwazunguka na bunduki. Halafu mama muzee mumoja akapita katikati ya waaskari na mutungi, akawanywesha, na bunduki zikashuka. Sale nzima ililia. Ninyi mulilia, na mimi niliwaona.

Hapo mukubwa mumoja wa Serikali akasimama kwenye kiti cha mbele, akamuamuru aseme kwamba yule mama alitumwa na komanda wa wale waaskari. Neno moja tu, kwa mutu aliyegeuza filme miaka kumi na saba! Aloys alimujibu kwa sauti yake ya kila siku, akimuita “citoyen”, mwananchi, vile sheria ilitaka:

“Citoyen, unisamehe. Hii nitaisema vile iko. Huyu mama hakutumwa na mutu.”

Jumatatu waaskari walimukamata. Siku nne alikuwa ndani ya kasho, chumba cha wafungwa karibu ya soko, kando ya njia yenye sisi wote tunapitia. Walimupiga mugongo. Aliomba maji kupitia dirisha la vyuma, akiita watu kwa majina yao. Georgette alienda na bidon ya maji kila siku, wakamurudisha. Mimi nilikuwa nimerudi kwangu Walungu, sikujua. Ninyi mulijua. Aloys alinitajia waliomusikia: ni saba, na wote saba wako hapa. Mumoja alimujibu, “Vumilia, Aloys,” akaendelea na safari ya sokoni.

Alitoka tarehe 9, figo zimeharibika, akafa Ijumaa tarehe 22 Septemba. Nimeshauriwa niandike “ugonjwa mufupi”. Na mimi sitageuza. Wakitaka kunikamata, niko hapa.

Anaacha maman Agathe, muke wake Georgette, watoto sita, wa kwanza Virginie na wa mwisho Gérard mwenye miaka minne, na mimi.

Tukitoka makaburini, mutanawa mikono mulangoni kwa Georgette, vile desturi iko. Maji nimeyachota mwenyewe, na mutungi nitaushika mimi. Wale saba nao nitawamiminia. Lakini kila mumoja atamuangalia Georgette kwanza na kumuambia: “Nilimusikia.”

Aloys, kaka yangu, sasa ni wewe mugeni kule juu. Wakupokee na maji. Pumzika katika amani yenye sisi hatukukupa.