Shangazi Barafu na Mafuta Yaliyogoma Kumiminika

Tarehe thelathini mwezi huu, mkuu wa maabara yetu ya mafuta ya injini anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Jina lake limeandikwa mlangoni, lakini sote, hata mkurugenzi akijisahau, humwita Shangazi Barafu.

Kazi yake ni nyepesi kuisema: kupoza mafuta hadi yafikie baridi ya milimani, kisha kupima kama bado yanamiminika. Yakiganda, pampu haiyavuti, na injini hujisaga kavu kavu. Meneja wetu wa mauzo aliwahi kuficha soda kwenye friji ya maabara. Kesho yake aliikuta imebandikwa lebo ya sampuli, na matokeo yako kwenye ubao wa matangazo: haimiminiki, haifai. Anasema ameshasamehe.

Mwaka ule wa zabuni ya kuuza mafuta ya magari ya wagonjwa ya nyanda za juu, mapipa yalikuwa yameshapakiwa. Tulikuwa tumeyapoza mafuta haraka haraka, yakatiririka vizuri, tukapongezana. Shangazi akakataa kutia sahihi. Alisema baridi ya kule huingia garini polepole, usiku kucha, na mafuta yanayopoa polepole huwa na tabia nyingine. Akaomba siku mbili. Mkurugenzi wa wakati ule alimwambia wazi kwamba zabuni ikipotea bure, naye afungashe virago. Akakubali, akawasha mashine. Haraka haraka haina baraka, tunaijua toka utotoni, ila tulinung'unika.

Siku ya tatu tulijazana maabara. Alitoa chupa, akailaza. Mafuta hayakusogea. Akaipindua juu chini, halikudondoka hata tone. Na ni mafuta yale yale! Mwili ulinisisimka, na unanisisimka hata sasa ninapoandika. Mkurugenzi aliishika chupa kwa mikono miwili, akaitazama weee, kisha akaenda mwenyewe kuamuru mapipa yashushwe. Tukatengeneza mengine, akayapima kwa mwendo wake, ndipo akatia sahihi.

Mwaka uliofuata, dereva mmoja wa magari yale alikuja getini kumuulizia mpima mafuta. Alfajiri moja ya barafu, alisema, gari liliwaka papo hapo, akamwahisha hospitali mama aliyekuwa akijifungua. Mama na mtoto wote wazima. Sisi tulitokwa na machozi. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, akamshika mkono, kisha akamuuliza baridi ilikuwa nyuzi ngapi.

Asante sana, Shangazi. Wengi wamefika salama bila kujua kwamba upo; sisi tunajua. Tunakuombea afya njema, miaka mingi na furaha tele nyumbani kwako.