Mkono wa Kuazima: Maisha ya Marehemu Togashi Yasunobu

Marehemu Togashi Yasunobu alizaliwa tarehe 9 Februari 1969 mjini Yokote, mkoa wa Akita, mtoto wa pili wa mzee Kinzo na mama Fumi. Theluji ilikuwa imefunga njia, mkunga akaletwa kwa trekta. Mama yake husema mtoto huyo alisikia injini kabla ya kusikia bembelezi.

Alisoma Yokote hadi kumaliza shule ya ufundi Machi 1987. Hesabu zilimpiga chenga, lakini baiskeli za walimu zote zilipita mikononi mwake.

Mwaka huohuo aliajiriwa kama dereva msaidizi katika kampuni ya malori mjini Sendai, na baadaye akakabidhiwa lori lake, akipeleka samaki Tokyo. Alilala kitini, akala tambi za kikombe, akavuta sigara ili macho yasijifumbe. Mwenzake akiugua, zamu aliibeba yeye. Watu walimsifu sana, na sifa hizo ndizo zilizomponza.

Mei 1996 alimwoa Bi Chizuko, wakajaliwa binti, Mayu. Mkewe alipopunguza chumvi, aliionja supu akauliza:

"Mama Mayu, hii supu au maji ya kuoshea bakuli?"

"Kunywa, baba. Chumvi yako si ipo kwenye zile achari za figili ulizoficha ndani ya lori?"

Mwaka 2019 aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu. Dereva haondoki kabla ya kupimwa presha mbele ya msimamizi, na ikiwa juu, anabaki. Kila Desemba, mizigo ilipofurika, Yasunobu aliona haya kuwaachia wenzake kazi. Akamwendea rafiki yake Onodera, dereva mwenzake, ambaye presha yake haipandi hata akitukanwa.

"Lete mkono wako. Wangu leo una hasira."

"Kaka, nenda hospitali bwana."

"Mwaka mpya ukipita."

Onodera aliuingiza mkono wake kwenye mashine. Msimamizi aligeukia dirishani. Cha kuazima hakisitiri maungo.

Asubuhi ya tarehe 18 Desemba 2024, karibu na Fukushima, aliegesha lori pembeni, akawasha taa za tahadhari, na moyo wake ukasimama. Hakugonga mtu.

Kwenye mkesha, Onodera alimweleza mjane yote, paji la uso likiwa sakafuni.

"Inuka, shemeji," Bi Chizuko alimwambia. "Wewe ulimpa mkono. Wapo waliogeuza macho."

Kampuni iliomba hapa pasomwe "maradhi ya ghafla." Bi Chizuko alikataa. "Ghafla gani, ya miaka mitano?" Uchungu huo ni wake, na ana haki nao.

Ameacha mjane, binti yake Mayu, mama yake Fumi, na madereva wenzake walioketi safu ya nyuma, ambao zamu yao inaanza jioni hii. Mjane anawaomba: atakayekuta presha imepanda, arudi nyumbani kwake. Samaki wakioza, watavuliwa wengine. Yasunobu alikuwa mmoja tu.

Apumzike, kwa amani aliyoikosa barabarani.