Mwalimu Gati na Namba Milioni Moja na Moja

Ndugu waombolezaji, familia za mzee Mseti wa Gorong'a na mzee Ndalahwa wa Geita zinawaomba utulivu, tuwasomee safari ya mwalimu Beatrice Gati.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1986 katani Gorong'a, mtoto wa tatu wa mzee Nikodemo Mseti na mama Mokami, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1994 hadi 2000, akamaliza sekondari mjini Tarime mwaka 2004, na akapata cheti cha ualimu mwaka 2007. Alianza kazi wilayani Serengeti mwaka 2008, akafunga ndoa tarehe 18 Desemba 2010 na Sospeter Ndalahwa, mchimbaji wa dhahabu, wakajaliwa Evelina na Ezra, na mwaka 2012 akahamia Matongo, akafundisha hisabati darasa la saba.

Februari mwaka huu, 2025, darasa lake liliichunguza 1,000,001, namba witiri inayosomeka vilevile kutoka kushoto na kulia. Watoto waliigawa kwa kila namba tasa ya chati ya ukutani, kila mara ikatoa baki, na chati ilipoishia 97 wakasema nayo ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, mwalimu akakubali. Jioni, akipepeta mtama, alitambua kwamba kilichoisha ni chati tu, kwani namba za kujaribu zinaendelea hadi karibu na elfu moja, maana elfu mara elfu ni milioni. Kesho yake alianguka njiani kwenda shuleni, akalazwa Tarime, kisha Mwanza, figo zikiwa zimeshindwa kazi.

Miezi ikapita hawezi kushika kalamu, na kilichomuumiza ni kwamba watoto wale wangemaliza shule na jibu ambalo mwalimu wao hakulithibitisha. Agosti alipopata nguvu kidogo, wifi yake Luciana alimwambia, "Pumzika wifi, hiyo namba haina ng'ombe wa kukupa," naye akajibu, "Watoto waliniamini. Nipe penseli."

Alijiandaa kufika elfu, lakini ya kwanza tu baada ya chati, 101, iliigawa bila baki, ikatoka 9,901. Hii nayo aliiona ni tasa bila kuanza upya, maana namba ndogo ambayo ingeigawa hii ingekuwa imeigawa na ile kubwa, na zote za chini ya mia zilikwisha kushindwa, nayo mia mara mia inaipita 9,901. Kumbe milioni moja na moja ni zao la namba tasa mbili.

Alicheka mpaka akakohoa, kisha mumewe akapiga simu shuleni, naye akaliambia darasa kwa sauti nyembamba, "Tuliishia njiani. Futeni, mwendelee na mia moja na moja." Mwanafunzi mmoja, Boke, akauliza, "Mwalimu, si utuambie tu?" Akamjibu, "Gawanya, Boke." Hakuikata simu mpaka aliposikia darasa zima likisema hakuna baki.

Marehemu alifariki tarehe 3 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Tarime na Mwanza, majirani wa Matongo mliowalisha watoto wake, wachimbaji mliochangia matibabu, walimu wenzake, na ninyi darasa la saba mliokaa pale mbele, ambao mtihani wenu ni wiki ijayo, nendeni mkaufanye.

Mwalimu Gati, umeifikisha kazi yako mwisho, pumzika kwa amani.