Viti vya Kambala vya Wamama wa Bandarini

Risala ya Chama cha Wamama Tusaidiane kwa Citoyen Mkurugenzi wa Ofisi ya Mapokezi, siku ya kufungua nyumba yetu ya mikutano, Kindu

Mgeni rasmi, Citoyen Mkurugenzi. Wazee wa mtaa. Wamama na wababa mliosimama, na ninyi mlioketi mikekani:

KARIBU

Sisi wamama wa Tusaidiane tunakukaribisha huku kwetu bandarini. Tumesikia kwamba hujamaliza hata miezi miwili hapa Kindu, kwamba uliahidi kuja, na leo umekuja. Kiongozi kuahidi tulishazoea. Kuja ndiko kunakotushangaza, kwa hiyo utuwie radhi tukikutazama sana.

HISTORIA

Chama chetu kilizaliwa na matanga. Mtu akifa, majirani walizunguka nyumba kwa nyumba kuomba viti: huku kimoja, kule kibao, kwingine mlango unafungwa. Mwenyekiti wetu, Mama Mwanvua, yule anayeuza samaki wakavu karibu na stesheni ya gari-moshi, akasema tuwe na viti vyetu, vya harusi na vya kilio, mwenye nacho na asiye nacho wakae sawa.

Vya kwanza tulivinunua kwa haraka. Vilishuka kwenye boti vimepakwa rangi nyekundu, vernis ya mbao inang'aa mpaka Mama Adolphine akafunga kitambaa chake cha kichwa kwa kujitazama kwenye egemeo. (Jina la Adolphine ni la Kizungu, tulishaliweka chini kama serikali ilivyotuagiza. Leo ni Citoyenne Bitondo, ila midomo yetu bado inateleza.) Hakuna hata mmoja kati yetu aliyegeuza kiti kuangalia chini yake.

Siku ya posa ya binti ya Mama Adolphine, mjomba wa bwana harusi alitoka Kailo. Akakaa, akaegemea, akaanza kutuomba tushushe mahari. Kabla hatujajibu, akashuka yeye mwenyewe. Ni mzee mwenye adabu. Hotuba yake aliimalizia palepale chini. Binti aliolewa na mahari haikushuka, lakini aibu ilitukaa, kwa maana wakwe husahau chakula walichokula, wasisahau walivyokalishwa.

Tulipovichunguza vile viti tukakuta ni mti wa parasoli, laini kama muhogo uliochemshwa, umeunganishwa kwa misumari mifupi, na mchwa wameshakula miguu kwa ndani. Kilichokuwa kinavishikilia ni rangi tu.

MAFANIKIO

Mara ya pili hatukukimbia. Tulikwenda kwa fundi Zuberi, nyuma ya soko, tukamwambia: hatutaki kiti cha kutazamwa, tunataka kiti cha kurithiwa. Akatuonyesha mbao za kambala, ule mti mgumu wa msituni. Tukauliza kama zimekauka, akaapa kwamba zimekauka. Mama Mwanvua akainua ubao mmoja, akautua.

"Hii bado iko na maji yake yote ndani," akasema. "Tutarudi mvua ikiisha."

"Mama, utanifungisha kazi."

"Afazali ufunge kazi, kuliko kiti ifunguke mbele ya wakwe."

Tulirudi mvua zilipoisha. Kiti cha kwanza tulikigeuza miguu juu. Tulitafuta msumari tukaukosa. Ulimi wa mbao ulikuwa umeingia kwenye tundu lake, umebana. Tulikitikisa. Halafu tukamkalisha Mama Adolphine, tukamwomba aegemee mpaka miguu ya mbele iwe hewani, kisha acheke. Mama huyu akicheka, ng'ambo ya Lualaba wanauliza kuna nini. Kiti kilinyamaza kimya.

"Hii itanizika," akasema Mama Adolphine, na hapohapo tukaagiza thelathini.

Ni vizuri kwa macho? Wababa wa mtaa walisema tumenunua viti vya gereza. Ni vizito, ni vyeusi, mtoto hawezi kuvipindua. Lakini vilinyeshewa na mvua ya kilio, vikakauka, havikupinda. Vilikaliwa na wanene na waliochoka. Hata wababa wenyewe wakaanza kuwahi mapema kwenye harusi ili wavipate.

CHANGAMOTO

Citoyen Mkurugenzi, kambala haiogopi mchwa wala maji. Kinachoiponza ni sifa.

Sifa za viti vyetu zilifika ofisini kwako wewe ukiwa hujafika. Watu wa ofisi wakaja kuviazima kwa siku moja, kwa ajili ya mgeni kutoka Kinshasa. Tulifurahi kwa kweli. Tulicheza animation, zile ngoma za kuwasifu viongozi, juani, wageni wameketi na suti zao za abacost zilizonyooka, na hakuna aliyeanguka. Kesho yake viti havikurudi, kwani kulikuwa na mgeni mwingine njiani. Na baada ya huyo, mwingine tena.

Mama Mwanvua akaenda kuuliza. Alipokelewa na karani wenu, Henri, kijana wa heshima, aliyekuwa ameketi juu ya kimojawapo.

"Mama, ile viti iko kwenye kazi."

"Na likizo yao njo lini, mwanangu?"

"Mama, nikikupa hii, mimi nitakaa wapi? Na nisipokaa, nani atakuandikia ruhusa ya kuibeba?"

Jibu hilo tumelichunguza kwenye mikutano miwili. Tunajua lina kosa, ila hatujaliona liko wapi.

Basi akafariki Mzee Hamadi, aliyeongoza boti maisha yake yote. Dada yake, Bibi Sharifa, alitoka Tunda, magoti yamekwisha. Tulimkalisha chini, kwenye mkeka. Kila aliyekuja kumpa pole, bibi alijaribu kuinuka kwa adabu ya kizamani, akashindwa. Mwishowe akaacha kujaribu, akawa anatoa mkono tu, uso umeinama. Mama Mwanvua alikwenda nyuma ya nyumba akalia, na hakuwa akimlilia Hamadi peke yake. Siku hiyo hatukuwa na utani wowote.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba viti virudi kabla ya Jumamosi. Binti ya Mama Mwanvua anaolewa.

Pili, ofisi yako iagize vyake. Tutakupeleka wenyewe kwa Zuberi, tukufundishe kugeuza na kutikisa. Na mtu wa kukalisha juu yake tunaye. Hatupendi Henri aandike amesimama.

La tatu si ombi, ni taarifa. Ili tukupokee leo tulihitaji viti vya heshima, tukaenda kuviazima ofisini kwako. Henri alitupa vitatu, akatusisitiza tusivicheleweshe, kwa sababu vitu vya watu ni vya watu. Kimoja amekalia msaidizi wako. Cha pili tumempa Bibi Sharifa, pale mlangoni. Cha tatu ni hicho chako. Tafadhali usiinuke, Citoyen. Egemea, kinakuweza.

Sherehe ikiisha tutakusindikiza sote kwa nyimbo mpaka kwenye gari lako. Viti havitasindikiza mtu.

Mwenyezi Mungu akujalie kukaa kwa amani katika mji huu, na siku utakayoinuka, uinuke kwa cheo.

Ni sisi wako,
Chama cha Wamama Tusaidiane, Bandarini, Kindu.
Imesomwa kwa niaba ya wote na Mangaza, mwandishi wa chama.