Kisima cha Ludmila Kisiongezwe Kina

Sikilizeni wanangu, Jarmila na Otakar, wala msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo inatosha jambo moja tu.

Nyumba hii ya wageni ni yenu nusu kwa nusu. Lakini kisima cha maji moto cha uani, tulichokiita Ludmila kwa jina la bibi yenu, msikiongeze kina hata shubiri. Otakar, jana ulinicheka: “Baba, hayo ni ya enzi za farasi! Wageni wanaoga maji vuguvugu kama supu ya jana.” Cheka. Mimi na baba yangu, Vendelín Vaněk, tulisema vivyo hivyo.

Babu yake aliwakuta wagonjwa wakikaa majini siku nzima mpaka ngozi ipasuke, ati maradhi yapate pa kutokea. Wakafuata madaktari wa kuwanywesha wagonjwa maji hayo, nchi yetu nzima ya Bohemia ikitembea asubuhi na vikombe mkononi. Kisha Daktari Reinhold Tausch akatuagiza bafu arobaini kwa siku kwa wagonjwa wake, na maji ya kutosha hatukuwa nayo. Tukachimba dhiraa kumi zaidi, kwa siri, majira ya theluji, wageni wakiwa hawapo. Siku ya nne kisima cha jirani yetu, Bi Hedvika Pichlová, kikapoa, maana mshipa wa maji moto ni mmoja.

Alikuja mlangoni na kikombe chake. “Bwana Vaněk, hebu onja. Nimekosea wapi?”

Baba akaonja. “Kimezeeka, Bi Hedvika. Visima navyo huzeeka.”

Nami nilisimama nyuma yake, matope yangali kwenye kucha zangu. Bi Hedvika akawafukuza watumishi wawili, akidhani wamekichafua kisima, akafunga nyumba yake ya wageni, akafa akiamini kosa ni lake.

Mjukuu wake, Alžběta, anawaogesha waliopooza katika chemchemi ndogo iliyowabakia. Mkichimba, nayo itapoa. Mwendeeni, mkamwambie tulilomtenda bibi yake.

Unasemaje, Otakar? Mashine inachimba tangu asubuhi? Kumbe ndiyo maana maji yanatetemeka kwenye glasi, nami nikidhani ni mkono wangu. Izime, mwanangu. Nakusihi… Unatikisa kichwa. Na mimi siwezi kuinuka nikuzuie.

Basi, Jarmila, kimbilia kwa Alžběta, ajaze mapipa yote maadamu maji yangali moto. Otakar, inama, leta kichwa hapa kwenye mto ninaoulalia. Mkono hauinuki tena. Mungu akubariki… akusamehe, anisamehe na mimi… Jarmila, bado umesimama? Nenda, mama. Nenda.