Mama Adelaïde Anafunga Duka la Jibini

Tarehe 31 Julai mwaka huu, Mama Adelaïde Furaha, muuzaji wa duka la jibini la Ushirika wetu wa wafugaji hapa Kitshanga, anastaafu baada ya kututumikia miaka thelathini na mmoja. Jioni ya siku hiyo duka lenyewe nalo litafungwa. Kamati imeona si adabu mambo hayo mawili kupita kimya kimya. Ndiyo maana ukurasa huu wote wa jarida ni wake.

Mama Adelaïde ni mzaliwa wa Karuba, kwenye vilima vya malisho, katika nyumba ya watu waliolima maharagwe na kuchunga ng'ombe wa wengine. Kitshanga aliletwa na ndoa. Mumewe, marehemu Papa Zéphyrin, aliendesha lori la Ushirika lililokusanya jibini mashambani. Alifariki kwa ugonjwa wa kifua wakati Noëlla, binti yao wa pekee, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Ushirika ulimpa mjane huyo kazi ya duka kwa majaribio ya miezi mitatu. Hatujamwona mtu yeyote anayekumbuka kutangazwa kwamba majaribio yamekwisha.

Alipoanza kazi, barabara kubwa ilikuwa na sura nyingine. Ubavuni mwa duka letu palikuwa na duka la vitenge la Mama Victorine. Ng'ambo ya barabara Papa Gustave alioka mikate, na harufu ya mikate yake na ya jibini yetu zilikutana katikati ya barabara zikagombana. Juu kidogo Papa Marcellin alipiga picha za maharusi mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mtu aliyeshuka kutoka kijijini siku ya soko aliweza kununua kitenge, kula mkate kwa jibini na kupigwa picha bila kuchafua viatu.

Leo tanuri la Gustave halipo. Pahali pake pamekuwa ghala la maharagwe, kisha ofisi ya shirika la misaada, na sasa ni saluni. Studio ya Marcellin haikuuawa na vita. Iliuawa na simu, kwa kuwa siku hizi kila mtu anatembea na mpiga picha wake mfukoni. Chumba cha Mama Victorine kimepitia mikono mingi: vipuri vya pikipiki, ukumbi wa kutazama mpira, na sasa kibanda cha kutuma pesa. Kati ya wote waliofungua milango yao asubuhi katika barabara ile ya zamani, aliyebaki anafungua ni Mama Adelaïde peke yake.

Huenda ndiyo sababu hakukubali kamwe majina mapya ya mahali. Muuguzi mmoja mgeni, Dada Nadine, alifika dukani akiuliza wapi atapata uzi wa kushonea. Mama Adelaïde alimwelekeza vizuri sana: avuke, apite kwa Gustave wa mikate, ageuke. Nadine alizunguka barabara nzima kwenye jua, akarudi amekunja uso, kwa kuwa alikuta saluni tu. "Mama, kule hakuna mukate, kuko kwafere!" Mama Adelaïde alimsogezea kiti na kipande cha jibini. "Njo pale pale, mutoto yangu," alimjibu, yaani ndipo hapo hapo. "Gustave alienda. Lakini kwake iko pale." Tangu siku hiyo Nadine naye huelekeza wagonjwa wake kwa Gustave, mtu ambaye hajamwona hata mara moja.

Ni lazima tueleze desturi moja ya barabara yetu, kwa ajili ya wale waliozaliwa juzi. Kitshanga kuna baridi ya asubuhi inayouma mifupa, na makaa hayaokotwi njiani. Kwa hiyo maduka mawili yaliyopakana yalikuwa na jiko moja la makaa, ambalo sisi huliita babula. Jiko hilo liliwekwa kwenye mpaka wa vibaraza viwili, nusu huku na nusu kule. Aliyetangulia kufika aliwasha moto; aliyefuata alileta maji ya chai. Watu wa babula moja hawakushtakiana, hawakunyang'anyana wateja, na mmoja akifunga duka, mwenzake ndiye aliyejibu maswali ya wanaomtafuta.

Babula ya Mama Adelaïde ilikuwa moja na ya Mama Victorine. Victorine, mwenye asili ya Buleusa huko Walikale, alikuwa mwanamke mrefu mwenye mwanya na kicheko kilichosikika hadi sokoni. Alizoea kumtania mwenzake mbele ya wateja: "Nunueni kwangu kwanza! Kitenge ya kwangu hainuke miguu kama bintu ya uyu mujane!" Naye Adelaïde alimjibu bila kuinua kichwa: "Ya kwangu banakula banashiba. Ya kwako banavaa, na njala inabaki ndani." Wateja walicheka, wakanunua kote kuwili.

Kisha ikaja asubuhi ambayo mji mzima ulikimbia. Hatutasimulia vita hapa. Tutasema tu kwamba Mama Adelaïde alitoka na Noëlla mkononi na kitenge kilichofungwa jibini tatu nzima, akasahau viatu. Kwenye njia panda Victorine alishika barabara ya Mweso ili kufika kwa mama yake Buleusa, na Adelaïde barabara ya Sake. Alimsihi Victorine waende pamoja. Victorine alikataa, mama yake alikuwa mzee na kipofu. "Enda na mutoto," alisema. "Tutakutana kwa mulango ya kazi." Waliagana hivyo, kwa haraka, huku watu wakiwasukuma.

Zile jibini tatu zililiwa kambini, ambako watu walikuwa na ugali bila kitoweo, na halikubaki hata ganda. Kamati iliporudi na kukagua mali, iliuliza ziko wapi. Mama Adelaïde alijibu: "Zilikimbia pamoja na mie." Kamati, kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika historia yake, haikuwa na swali la ziada.

Aliporudi alikuta milango mingi imevunjwa, na chumba cha jirani kikiwa tupu. Aliwasha babula, akaiweka mpakani kama zamani. Ameiweka hapo kila asubuhi tangu siku hiyo. Wapangaji walifuatana katika chumba kile, na hakuna hata mmoja aliyeielewa. Muuza vipuri alilalamika: "Mama, ile babula yako itaniunguzia mapiyesi!" Wa mpira alidhani ni biashara ya chai, akaagiza vikombe. Hakuna aliyeleta maji. Mama Adelaïde alichota ya kwake, akanywa chai yake akiwa upande wake wa jiko, na upande wa pili akauacha wazi.

Tusifikiri kwamba alikaa akiomboleza. Duka lile lilikuwa na kazi ambayo haikuandikwa katika mkataba wowote. Waliokimbia walikuwa wakirudi mmoja mmoja, baada ya mwaka, baada ya miaka, na hawakuitambua barabara. Papa Hakorimana, fundi viatu, alirudi baada ya muda mrefu, akashuka kwenye lori na kusimama katikati ya njia huku pikipiki zikimpigia honi na waendeshaji wakimtukana. Aliamini ameshushwa katika mji mwingine. Kisha upepo ukamletea harufu. Aliifuata hadi mlangoni petu, akasimama akivuta pumzi. "Kama fromaji iko," alisema, "basi njo hapa." Mama Adelaïde alimwambia ndugu yake amehamia upande gani wa mji na apite njia ipi. Kabla ya jua kutua ndugu hao wawili walikuwa wamekaa meza moja.

Mambo kama hayo yalitokea mara nyingi. Kila aliyeondoka alimpitia Mama Adelaïde na kumwachia neno la kwenda kwake, na kila aliyerudi aliulizia hapo. Kwa hiyo Kamati ilipotaka kuhamishia duka karibu na soko jipya, ambako wanunuzi wamezidi, alikataa. Ilipotaka tena, alikataa tena. Mara ya tatu tulimwita kikaoni. Alisimama, akasema sentensi mbili, akaketi. "Kama munataka kuhamisha fromaji, muhamishe. Miye nitabakia na mulango." Kikao kilicheka, lakini duka halikuhama.

Wote tulijua anamngoja nani. Binti yake Noëlla, ambaye sasa anaishi Goma na ana watoto, alimwita akae naye. Alikuja mwenyewe kumchukua, akakaa juma zima, akarudi bila yeye. Mama Adelaïde aliwapenda wajukuu wake kupitia simu, akawatumia jibini.

Miaka miwili iliyopita mchuuzi wa chumvi alipita dukani akasema ameona katika soko la Buleusa mwanamke mzee anayeuza nguo, mrefu, mwenye mwanya. Jina hakulijua. Aliahidi kuuliza, hakurudi, na simu yake haikupatikana tena. Huko kwenyewe mtandao ni wa kubahatisha. Sisi tulimshauri Mama Adelaïde aombe likizo aende akaone. Aliifikiria likizo hiyo kwa siku kadhaa, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akakataa. "Nikienda kule, na yeye akikuja huku?" aliuliza. Anayengoja mahali pamoja hana ruhusa ya kutoka, hata kwenda kumtafuta yule anayemngoja.

Sasa mlango wenyewe unaondoka. Hilo si kosa la mtu mmoja. Malisho mengi hayana ng'ombe, na jibini chache zinazotengenezwa hupakiwa kwenye pikipiki kutoka shambani hadi Goma bila kupita kwetu. Katika miezi ya mwisho Mama Adelaïde alikuwa akifungua duka lenye jibini mbili rafuni, na wiki nyingine hata moja haikuwepo. Alifungua vilevile, akapangusa rafu, akaketi. Watu waliopita walimsalimia wakiendelea na safari zao. Kuna alasiri ambazo sauti pekee iliyoingia dukani ilikuwa ya kibanda cha jirani ikitangaza mitandao ya simu. Kamati ilipiga kura ya kukikodisha chumba kwa Prince, kijana mwenye kuuza simu, na tukamwita Mama Adelaïde tumweleze. Tulijitayarisha kwa ugomvi. Hakugomba. Aliuliza tarehe, akaomba turudie tarehe hiyo.

Kisha alisema: "Basi sasa naweza kwenda."

Tulidhani ni Goma, kwa binti. Tulikwisha kumpongeza. Alitutazama kama tulivyostahili kutazamwa. Anakwenda Buleusa. Jumatatu inayofuata kustaafu kwake atapanda pikipiki hadi Mweso, kutoka hapo hadi Pinga, na mbele ya Pinga atafuata wenyeji wanaoijua njia, kwa miguu panapohitajika. Ana umri wa miaka sitini. Noëlla amelia kwenye simu, amekasirika, kisha amemtumia viatu vya mpira na koti la mvua. Tulipomwambia kwamba huenda yule mwanamke wa sokoni si Victorine, alijibu kwamba hata yeye analijua hilo, na kwamba soko la Buleusa lina watu wengi wa kuuliza.

Ushirika ulikuwa umemnunulia kiti cha kupumzikia, chenye mito. Amekishukuru, akakitoa kwa chumba cha wazazi katika kituo cha afya anakofanya kazi Nadine. Badala yake aliomba kitu kimoja, na hakukiomba kwetu bali kwa Prince. Kijana huyu, tuseme ukweli, si mtu wa kusikiliza sana. Masikio yake yana waya. Mama Adelaïde alikwenda kwake siku tatu mfululizo, akimtaka aitoe masikioni ashike neno. Akija mtu yeyote akasimama mlangoni akishangaa, Prince amwulize anamtafuta nani, na amtume kwa Papa Hakorimana, ambaye kibanda chake cha viatu kiko karibu na ambaye amekubali kuyashika maneno ya waliokwenda. Lakini akija mwanamke mrefu, mwenye mwanya, asimtume popote. Ampe kiti.

Juzi tulipita hapo tukamkuta Mama Adelaïde amesimama barabarani, akijifanya ndiye mgeni, na Prince akijibu kwa sauti ya mwanafunzi aliyechoka: "Karibu, Mama Victorine. Mama Adelaïde alienda Buleusa kukutafuta. Ikala hapa, umungoje, atarudia." Mama Adelaïde alitikisa kichwa. "Usiseme kama unauzisha simu," alimwambia. "Sema tena." Prince akasema tena. Wapita njia walisimama kutazama, wengine wakacheka. Kufikia mara ya nne hakuna aliyekuwa anacheka, na kijana alikuwa ameivua ile waya mwenyewe.

Mama Adelaïde, Ushirika unakushukuru kwa jibini zote ulizokata bila kupunja, kwa ndugu uliowakutanisha, na kwa mlango uliofunguliwa kila siku hata pasipokuwa na cha kuuza. Hatujui utamkuta nani kule. Tunajua tu kwamba huku kutakuwa na mtu anayejua aseme nini. Uishi vema, Mama yetu, na njia iwe kavu mpaka Buleusa.