Andrea Banzi, Aliyemtaka Muuza Bunduki Aonje Kwanza

Baada ya miaka kumi na saba katika ghala la silaha la boma la Morogoro, Bwana Andrea Banzi anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1913. Mimi karani mwenzake nimeombwa niandike habari zake, na si kazi ndogo, maana mwenyewe ndiye huuliza watu habari.

Mzaliwa huyu wa Matombo alianza kwa kubeba masanduku ya risasi, kisha akakabidhiwa funguo. Kila kitu lazima aulize kimetoka wapi, nani alikishika kwanza, na kwa nini kinauzwa. Mkewe, Mama Scholastika, hulalamika kwamba hata kuku wa Kilakala hanunuliwi mpaka muuzaji aeleze sababu ya kumtoa nyumbani.

Udadisi huo nusura umpatie viboko. Mwaka juzi wakala mmoja alishuka kwenye treni na masanduku ya bunduki alizoziita mpya, kwa nusu ya bei iliyozoeleka. Bwana mkubwa wa boma alifurahi, akaagiza zipokelewe, na askari Yunusi apewe ya kwanza aijaribu. Andrea alipapasa kitako cha bunduki hiyo, akakikuta kimelainika kwa kutumika kama mpini wa jembe la bibi yake. Sote tulikumbuka bunduki rahisi ya mwaka uliotangulia, iliyompasukia askari mwingine usoni ikamtoa jicho. Yunusi alikumbuka kutuzidi.

Kumpinga Bwana mkubwa kulilipwa mgongoni. Andrea hakupinga. Aliichukua bunduki ile, akamkabidhi wakala kwa mikono miwili, akasema kwa adabu, "Bwana, kwetu milimani mwenye pombe huonja kwanza, ndipo mgeni anywe."

Bwana mkubwa akacheka, kisha akamtazama wakala. Wakala akasema bega linamuuma. Akaambiwa atumie la kushoto. Hapo akakumbuka kwamba mzigo wote ulipaswa kurudi Dar es Salaam kukaguliwa upya, akaondoka nao kwa treni iliyofuata. Tangu hapo hakuna silaha inayolipiwa hapa kabla muuzaji hajaifyatua mwenyewe, na bei za nusu hatujaziona tena.

Je, bunduki zile zilikuwa mbovu kweli? Swali hili hunisumbua bado. Nilimwuliza Andrea, akasema hata yeye angependa sana kujua. Yunusi alisema yeye hapendi.

Ahsante, Bwana Andrea. Wenzako wa bomani tunakuombea afya, mavuno na majirani wavumilivu wa maswali. Yunusi ameomba ruhusa akubebee mizigo hadi Matombo. Njia anaiona vizuri, kwa macho yote mawili.